Jinsi wanasayansi wanavyopima nidhamu ya mwanga wa eksirei

MNAMO Novemba 2021, watafiti waliotumia mtambo mkubwa wa mwanga ulioko Grenoble, Ufaransa, walichapisha picha za viungo kamili vya binadamu, yakiwemo mapafu ya mgonjwa aliyefariki kutokana na Covid-19. Picha hizo zilianza kwa kuonyesha kiungo kizima, kisha zikakaribia hatua kwa hatua hadi mishipa midogo mno ya damu ikaonekana, bila pafu lenyewe kukatwa vipande.

Mashine ya kawaida ya eksirei hospitalini haiwezi kufanya kazi hiyo. Mfupa huonekana katika picha ya hospitali kwa sababu huzuia miale isipite. Nyama laini, kwa upande wake, huiacha miale ipite karibu yote, na kwa hivyo haiachi kivuli cha kutosha.

Hata hivyo, nyama hiyo hiyo hufanya jambo jingine. Huyachelewesha au kuyaharakisha mawimbi ya eksirei kwa kiasi kidogo sana, na kuyapinda yatoke upande wa pili yakiwa yamebadilika umbo. Mabadiliko hayo ndiyo yaliyonaswa Grenoble.

Lakini huwezi kutambua kwamba wimbi limepindwa ikiwa lilikuwa limevurugika tangu mwanzo. Lazima mwanga unaoingia katika kiungo uwe na utaratibu, kila sehemu yake ikienda sambamba na jirani yake. Sifa hiyo ndiyo tunayoiita hapa upatanifu wa mawimbi.

Upatanifu hauonekani kwa macho, wala haupimwi kwa kutazama jinsi mwanga unavyong'aa. Miale ya aina mbili inaweza kutoshana kwa ukali, mmoja ukatoa picha ya kutegemewa na mwingine ukatoa ukungu mtupu. Ndiyo maana, kabla ya kuiamini picha ya aina hii, mtafiti hana budi kuuliza kwanza: je, mwanga uliotumika ulikuwa na upatanifu kiasi gani, na ulipimwa vipi?

Gwaride la mawimbi

Eksirei ni mwanga kama ule wa jua au wa taa, ila mawimbi yake ni mafupi mno. Wilhelm Röntgen aliigundua mjini Würzburg, Ujerumani, mwaka wa 1895. Ilibidi kusubiri hadi 1912 ndipo Max von Laue na wenzake, kwa kuipitisha eksirei katika fuwele, walipothibitisha kwamba kweli ni mawimbi.

Urefu wa wimbi la mwanga wa kijani ni takriban nanometa 500. Nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Eksirei inayotumiwa sana katika utafiti ina mawimbi ya takriban nanometa 0.1, ambayo ni sawa na upana wa atomu moja.

Ili kuelewa maana ya upatanifu, msomaji na alifikirie gwaride la wanajeshi siku ya Jamhuri. Mtu anayetaka kujua kama wanajeshi hao wana nidhamu anaweza kuuliza maswali mawili tofauti.

Swali la kwanza linahusu askari wanaofuatana, mmoja mbele na mwingine nyuma. Je, hatua zao zinaendelea kulingana kwa muda gani kabla hazijaanza kupishana? Katika mwanga, sifa hii huitwa upatanifu wa wakati.

Swali la pili linahusu askari walio bega kwa bega katika safu moja, kutoka ukingo wa kushoto hadi ukingo wa kulia. Je, miguu yao inatua kwa pamoja? Huu ndio upatanifu wa mahali, na ndio tunaouzungumzia zaidi katika makala haya.

Wawili wanaokaribiana wanaweza kupatana kwa urahisi. Kazi ipo kwa walio mbali. Umbali mkubwa zaidi katika safu ambao watu wawili bado wanakwenda hatua moja ndio unaoitwa urefu wa upatanifu. Ukiwa mrefu kuliko kitu unachokipiga picha, kitu hicho chote humulikwa na gwaride moja. Ukiwa mfupi, humulikwa na makundi mengi madogo, kila kundi na mwendo wake.

Chanzo kidogo, umbali mkubwa

Utaratibu huo hutoka wapi? Katika taa ya kawaida, kila atomu hutoa mwanga wake kivyake bila kujali jirani. Katika mashine ya eksirei ya hospitali, elektroni hugonga kipande cha chuma na kila moja huzalisha mwanga wake kwa nasibu. Ni kelele tupu, si wimbo.

Hata hivyo, umbali una dawa yake. Mtoto akitupa konzi ya kokoto bwawani, maji yaliyo karibu na hapo yatavurugika kila upande. Aliyesimama ng'ambo ya bwawa, hata hivyo, ataona mawimbi yakimfikia kwa mistari mirefu iliyotulia. Kutoka alipo, eneo lote la kokoto limekuwa kama nukta moja, na nukta moja haiwezi kukosana na nafsi yake.

Waholanzi wawili ndio waliolieleza jambo hili kwa hisabati: Pieter Hendrik van Cittert mnamo 1934 na Frits Zernike mnamo 1938. Zernike alikuja kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka wa 1953 kwa kazi nyingine, ile ya hadubini inayoonyesha tofauti za mawimbi yanayopita katika vitu angavu.

Kanuni yao, ikirahisishwa, inasema hivi: zidisha urefu wa wimbi kwa umbali kutoka kwa chanzo, kisha ugawe kwa upana wa chanzo hicho. Jibu utakalopata ni makadirio ya urefu wa upatanifu.

Tuanze na hospitali. Chanzo cha eksirei ndani ya mashine kinaweza kuwa na upana wa milimita 1, mgonjwa yuko umbali wa mita 1, na wimbi lina urefu wa nanometa 0.02. Jibu ni nanometa 20 tu. Huo ni umbali mdogo hata kuliko upana wa kirusi kimoja cha Covid-19.

Sasa tuchukue mtambo wa utafiti. Chanzo kiwe na upana wa mikrometa 50, yaani sehemu 50 za elfu moja za milimita. Mita 50 kutoka hapo, eksirei ya nanometa 0.1 itakuwa na urefu wa upatanifu wa mikrometa 100, unaokaribia unene wa unywele wa binadamu. Kutoka hospitalini hadi mtambo huo, urefu wa upatanifu umeongezeka mara 5,000.

Mitambo hiyo huitwa sinkrotroni. Ndani yake elektroni huzungushwa katika bomba la duara kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, na sumaku zinapozipinda, elektroni hutoa eksirei. Mtambo wa Grenoble, unaojulikana kama ESRF, una mzingo wa mita 844, na ulianza kuwahudumia watafiti mwaka wa 1994.

Matundu mawili ya Young

Makadirio ya karatasini ni jambo moja, na hali halisi ni jambo jingine. Mwanga wa sinkrotroni hupitia vioo, madirisha ya chuma chembamba na fuwele kabla ya kukifikia chumba cha majaribio. Kioo kikitikisika kidogo tu, chanzo huonekana kama kimepanuka, na upatanifu hupungua. Kwa sababu hiyo, upatanifu sharti upimwe pale pale mwanga unapotumiwa.

Njia inayoeleweka kwa urahisi zaidi ni ya zamani. Mwanzoni mwa karne ya 19, daktari na mwanafizikia Mwingereza Thomas Young alipitisha mwanga katika nafasi mbili finyu zilizokaribiana na kutazama ulivyoangukia upande wa pili. Badala ya madoa mawili, palitokea milia: mwanga, giza, mwanga, giza.

Maelezo yake ni haya. Mahali ambapo kilele cha wimbi kutoka tundu la kwanza hukutana na kilele kutoka tundu la pili, mawimbi hujumlishana na mwanga huongezeka. Mahali ambapo kilele hukutana na bonde, hufutana na giza likaingia.

Lakini milia hiyo hutokea tu iwapo mawimbi yanayofika katika matundu hayo mawili yanapatana. Yasipopatana, milia ya mara hii itaangukia giza la mara iliyotangulia, na kamera itanasa doa moja lisilo na mistari.

Hapo ndipo kipimo kinapopatikana. Mtafiti huchukua ukali wa mlia angavu, akautoa ule wa mlia wa giza, kisha akagawa tofauti hiyo kwa jumla ya zote mbili. Ikiwa mlia angavu una 100 na wa giza una 0, jibu ni 1, yaani upatanifu kamili. Ikiwa ni 75 na 25, jibu ni 0.5. Ikiwa hakuna tofauti kabisa, jibu ni 0.

Baada ya hapo, jaribio hurudiwa kwa matundu yaliyotengana zaidi, na zaidi tena. Kadiri matundu yanavyoachana, ndivyo milia inavyofifia. Mtafiti akichora jinsi inavyofifia, hupata picha kamili ya nidhamu ya safu nzima, kama mkaguzi wa gwaride anayelinganisha miguu ya askari wa kwanza na ya askari wa pili, kisha wa tano, kisha wa kumi.

Kipimo hicho kina faida nyingine. Kwa kuwa upatanifu hutegemea upana wa chanzo, anayejua upatanifu anaweza kurudi nyuma na kukokotoa upana wa chanzo asichoweza kukiona. Wanajimu wa sayansi walilitumia wazo hili kabla ya wataalamu wa eksirei.

Mnamo Desemba 1920, katika kituo cha Mount Wilson, California, Albert Michelson na Francis Pease waliweka vioo vilivyotengana juu ya darubini na kuielekeza kwa nyota Betelgeuse. Vioo vilipofikia umbali wa takriban mita 3, milia ilitoweka. Kutokana na umbali huo, waliweza kukokotoa upana wa nyota hiyo inavyoonekana kutoka duniani, ambao hakuna darubini ya wakati huo iliyoweza kuuonyesha.

Ugumu wa kupima eksirei

Jaribio la Young ni rahisi kwa mwanga wa kawaida. Mwanga wenye wimbi la nanometa 500 ukipita katika nafasi mbili zilizotengana nusu milimita, milia yake, umbali wa mita 1, huachana kwa milimita 1. Hata mtoto anaweza kuihesabu.

Eksirei haina huruma hiyo. Kwa wimbi la nanometa 0.1 na matundu yaliyotengana mikrometa 10, milia huachana kwa mikrometa 50 pekee, hata kamera ikiwekwa mita 5 kutoka kwa matundu. Kamera lazima iwe na macho madogo kuliko hapo, na kila kifaa kisimame kimya. Mtikisiko wa mikrometa chache unaweza kuifuta milia, na mtafiti akadhani mwanga ndio mbovu.

Isitoshe, eksirei hupenya vitu. Bamba lenye matundu lisipokuwa zito vya kutosha, miale itapita hata pasipo na tundu. Likiwa nene, kulitoboa tundu lenye upana wa mikrometa chache, lililonyooka kutoka upande hadi upande, huwa kazi ya ufundi wa hali ya juu.

Kutokana na matatizo hayo, njia nyingine zimebuniwa. Baadhi ya watafiti huweka uzi mwembamba sana katika njia ya mwanga na kuipima milia inayojitokeza kandokando ya kivuli chake. Wengine hutumia wavu wa mistari iliyopangika, ambao kivuli chake hujirudia chenyewe katika umbali maalumu iwapo mwanga unapatana.

Mnamo 2009, kundi la watafiti lilitumia chembechembe ndogo zinazoelea katika kimiminika. Kila chembe ilitawanya mwanga na kuzua duara za milia kuizunguka, na kwa kujumlisha maelfu ya duara hizo watafiti walisoma upatanifu wa mwanga katika pande zote kwa pamoja.

Kuna pia njia ya Robert Hanbury Brown na Richard Twiss, ambao mwaka wa 1956 waliipima nyota Sirius bila kutegemea milia yoyote. Wao walilinganisha jinsi ukali wa mwanga unavyopanda na kushuka katika vigunduzi viwili vilivyotengana. Ikiwa vigunduzi hivyo vinapanda na kushuka pamoja, mwanga unapatana. Njia hiyo imekuja kutumiwa katika mitambo ya eksirei pia.

Mpigo mmoja, bamba moja

Kipimo kilichowavutia wengi kilifanywa katika mtambo wa aina tofauti. Mnamo Aprili 2009, kituo cha SLAC huko California kiliwasha kwa mara ya kwanza leza ya eksirei iitwayo LCLS. Humo elektroni hazizungushwi, bali husukumwa katika mstari ulionyooka, kisha hupitishwa katikati ya safu ndefu ya sumaku zinazozitikisa kushoto na kulia.

Katika safari hiyo, mwanga unaotolewa na elektroni huzipanga elektroni hizo hizo katika matabaka, na matabaka hayo hutoa mwanga zaidi kwa pamoja. Mwanga hutoka kwa mipigo mifupi mno, inayopimwa kwa femtosekunde. Femtosekunde moja ni sehemu moja ya milioni ya bilioni ya sekunde.

Nadharia ilitabiri kwamba mwanga huo ungekuwa na upatanifu wa hali ya juu. Lakini leza hiyo huanza kutokana na mpangilio wa nasibu wa elektroni, na kwa hivyo kila mpigo hutofautiana na ule uliotangulia. Wastani wa mipigo elfu moja ungeficha tabia ya mpigo mmoja mmoja. Ilibidi kila mpigo upimwe peke yake.

Kundi lililoongozwa na Ivan Vartanyants wa kituo cha DESY, Hamburg, lilifanya kazi hiyo na kuchapisha matokeo mwaka wa 2011. Walitumia mabamba yenye matundu mawili mawili ya Young na eksirei ya nanometa 1.6 hivi. Mwanga wenyewe ulikuwa mkali kiasi cha kuharibu matundu yaliyoupima. Mpigo uliacha milia yake kwenye kamera kabla bamba halijapata nafasi ya kuharibika, kisha mahali hapo pakawa hapafai tena. Kipimo kilichofuata kilihitaji matundu mapya.

Matokeo yalionyesha kwamba urefu wa upatanifu, katika mwelekeo wa juu kwenda chini, ulikuwa mikrometa 17. Huo ulikaribia kuwa upana wote wa mwanga wenyewe mahali ulipokusanywa. Upatanifu wa wakati ulidumu femtosekunde 0.55, muda ambao mwanga husafiri umbali wa takriban mawimbi mia moja ya aina hiyo.

Walipojumlisha yote, upatanifu wa mahali wa mwanga mzima ulifikia asilimia 56. Tarakimu hiyo ina habari mbili. Habari njema ni kwamba watafiti waliona kiwango hicho kinatosha kupiga picha za chembe moja moja. Habari ya kutahadharisha ni kwamba hata leza, ambayo wengi huidhania kuwa na nidhamu kamili, haikufikia asilimia 100.

Picha bila lenzi

Kwa nini asilimia hizo ziwe na uzito? Sababu kubwa ni kwamba lenzi za eksirei ni ngumu kutengenezwa, na zilizopo zina mipaka. Watafiti wengi sasa huziacha kabisa. Hukimulika kitu kwa mwanga unaopatana, wakanasa jinsi unavyotawanyika, kisha wakaiachia kompyuta kazi ya kuijenga upya picha.

Mbinu hii ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1999 na Jianwei Miao na wenzake, waliotumia sinkrotroni ya Brookhaven, Marekani. Kielelezo chao kilikuwa herufi zilizoundwa kwa vidoto vya dhahabu. Mwaka wa 2011, mtambo wa LCLS ulitumiwa kupiga picha ya kirusi kikubwa kiitwacho mimivirus, kila kirusi kikimulikwa na mpigo mmoja tu.

Tatizo ni kwamba kamera hunasa ukali wa wimbi, lakini haiwezi kunasa wimbi limefikia wapi katika kupanda na kushuka kwake. Nusu ya habari hupotea. Kompyuta huirejesha nusu hiyo kwa kukisia, kulinganisha na kusahihisha, mara mia au mara elfu, hadi picha ilingane na data.

Katika ukokotoaji huo, kompyuta huambiwa tangu mwanzo kwamba mwanga ulipatana kikamilifu. Ikiwa si kweli, sehemu ambazo zingekuwa giza katika data huwa na mwanga hafifu usiotarajiwa. Kompyuta haijui kwamba kosa ni la mwanga. Hulitafutia maelezo katika kitu chenyewe. Basi hukitia kitu hicho madoa na mikunjo ambayo hakina, au hushindwa kabisa kutoa picha.

Kosa la namna hiyo ni la hatari kwa sababu halionekani kama kosa. Picha yenye ukungu humwonya mtazamaji mapema. Picha kali yenye uongo humshawishi, na anayeitegemea kueleza umbo la kirusi au ufa ndani ya betri anaweza kujenga hoja juu ya kitu kisichokuwapo.

Kwa upande mwingine, upungufu unaojulikana unaweza kurekebishwa. Mtafiti akishapima na kujua mwanga wake unapatana kwa kiasi gani, anaweza kukiingiza kiasi hicho katika ukokotoaji. Mwaka wa 2013, Pierre Thibault na Andreas Menzel walionyesha kwamba, kitu kikimulikwa mahali pengi panapoingiliana, data hiyo hiyo inaweza kutoa picha ya kitu pamoja na maelezo ya upungufu wa mwanga uliokimulika.

Mbio za mitambo mipya

Katika sinkrotroni za zamani, chanzo cha mwanga kilikuwa na umbo la utepe: kipana sana kutoka kushoto kwenda kulia, na chembamba kutoka juu kwenda chini. Kwa hivyo upatanifu ulikuwa mzuri katika mwelekeo mmoja na duni katika mwingine. Kwa eksirei ya nanometa 0.1, sehemu ya mwanga iliyopatana kikamilifu ilikuwa chini ya asilimia moja ya mwanga wote.

Mtafiti aliyehitaji upatanifu alilazimika kuubana mwanga kwa kitundu kidogo na kuitupa sehemu kubwa iliyobaki. Alipata nidhamu, lakini akabaki na mwanga haba, na jaribio la dakika likageuka kuwa la saa nyingi.

Mtambo wa MAX IV mjini Lund, Uswidi, uliozinduliwa 2016, ulileta mpangilio mpya wa sumaku nyingi ndogo zinazozipinda elektroni kidogo kidogo, hivi kwamba kundi la elektroni halitanuki. Grenoble nayo iliubomoa mtambo wake wa ndani na kujenga mwingine ndani ya jengo lile lile. Ulipofunguliwa kwa watafiti 2020, kipimo cha mtawanyiko wa elektroni zake kutoka kushoto kwenda kulia kilikuwa kimepungua takriban mara 30. Ule wa Argonne, karibu na Chicago, ulifuata 2024.

Mageuzi hayo yamegharimu mamilioni ya fedha, na ahadi kuu iliyotolewa kwa walipa kodi ilikuwa upatanifu. Usione vyaelea, vimeundwa. Na vilivyoundwa kwa gharama hiyo sharti vikaguliwe. Kipimo cha milia ndicho kinachoonyesha kama ahadi imetimia hadi mwisho wa njia ya mwanga, au kama imepotelea katika kioo kinachotikisika.

Bara la Afrika ndilo pekee, miongoni mwa mabara yanayokaliwa na watu, lisilo na sinkrotroni. Mradi wa African Light Source unaopigania kujengwa kwa mtambo huo ulifanya mkutano wake wa kwanza Grenoble Novemba 2015, na wa pili Accra, Ghana, Januari 2019. Afrika Kusini imekuwa na ushirikiano na ESRF tangu 2013, nayo Misri ni mwanachama wa SESAME, mtambo uliofunguliwa Jordan mwaka wa 2017.

Siku mtambo kama huo utakapojengwa barani, watakaohitajika si wajenzi wa sumaku pekee. Watahitajika pia watu wa kuketi mbele ya kamera, kutazama milia na kusema bila kupendelea kama mwanga huo unafaa.

Wanafunzi wa sekondari nchini hulisoma jaribio la matundu mawili la Young katika somo la fizikia, na wengi hulikariri kwa ajili ya mtihani tu. Leza ndogo ya kuonyeshea ubaoni, kipande cha karatasi ya alumini na sindano vinatosha kulifanya darasani. Mitambo inayojengwa kwa mamilioni ya yuro hukaguliwa kwa hesabu iyo hiyo: mlia angavu, toa mlia wa giza, gawa kwa jumla ya miwili.